Baiskeli ya Mama Mkwe

Barabara ya lami inayopita Kwa Vonza ina pande mbili, lakini kwa mtu wa baiskeli ilikuwa na upande mmoja tu. Upande wa pili maji ya mvua yalikuwa yamekula udongo wote wa pembeni, lami ikabaki imekatika kama mkate uliomegwa, na chini yake mtaro wa kufika magotini. Kwa hiyo sisi wote wenye baiskeli, tuwe tunaenda au tunarudi, tulitumia ule upande mzima: kijia chembamba cha udongo mwekundu kati ya lami na miti ya miiba. Waendao na warudio walikutana uso kwa uso. Mmoja alishuka, mwingine akapita. Malori ya mchanga yalitupigia honi sote kana kwamba tumewaibia madereva kitu.

Mimi ni mtu wa Kalamba, upande wa Makueni, na huko ndiko nilikojifunza baiskeli. Kwa Vonza nililetwa na kazi. Nasoma mita za mradi wa maji: naingia boma, nafunua kifuniko, napangusa kioo, naandika, naenda boma linalofuata. Mradi ulinipa baiskeli baada ya pikipiki yao kuharibika na kukosa wa kuitengeneza. Ni kazi inayomfundisha mtu kuangalia na kufuata utaratibu, na naipenda. Tatizo lake ni kwamba ilinileta kuishi karibu na kwao mke wangu, jambo ambalo mwanamume wa kwetu halifanyi kwa furaha.

Kwetu Ukambani mwanamume na mama mkwe wake hawazoeani. Tunaiita nthoni. Si chuki hata kidogo. Ni heshima iliyochanganyika na haya. Hampeani mkono, hamketi benchi moja, hamli mkitazamana. Mkikutana njiani kila mmoja anatoka njiani, huyu upande wake na yule upande wake, mnapishana nyuso zikiwa zimeelekea vichakani, kisha kila mtu anaendelea na safari. Najua vijana wa siku hizi wanawashika mama wakwe mkono na kupiga nao picha harusini. Mimi si mmoja wao. Nilimwona baba yangu akiingia katikati ya mbaazi na kusimama huko mpaka mama yake mama apite, halafu akitoka akijipangusa majani, na nilidhani hakuna mtu mwenye adabu kumshinda.

Mama mkwe wangu ni mjane. Ana ng'ombe wawili, na kila asubuhi alipeleka maziwa kwenye hoteli za Kwa Vonza kwa baiskeli nyeusi aliyoachiwa na mume wake. Sehemu hizi wanawake wengi husukuma baiskeli zilizofungwa mitungi ya maji, hawapandi. Yeye naye alisukuma kwa miaka mingi. Mke wangu husimulia kwamba siku moja mitungi ilikuwa mitupu na njia ilikuwa ya mteremko, mama yake akatazama huku na huku, akapanda. Akaanguka kwenye mkonge. Akapanda tena. Nilipooa nilimkuta tayari ni mwendeshaji: sketi ndefu, kofia ya marehemu juu ya kitambaa cha kichwa, na upindo wa sketi umebanwa kwa vibanio vya kuanikia nguo usiingie kwenye cheni. Si vizuri mwanamume kujua habari nyingi hivyo za sketi ya mama mkwe wake. Niliziona kwa mbali, na nilijitahidi nisizione.

Tulikuwa na namna yetu. Nikiiona ile kofia inakuja, nilishuka mapema, nikaingiza baiskeli yangu vichakani na kugeuza uso. Alipita. Hatukuwahi kukosea, kwa sababu nilikuwa namwona mapema.

Kabla ya kufika sokoni kuna kona, na kwenye kona kuna kalvati, bomba kubwa la saruji la kupitisha maji chini ya barabara. Hapo kijia kinabanwa kati ya lami na ukuta mfupi wa saruji. Asubuhi hiyo niliikunja kona nikiwa na haraka, na huyo hapo, anamaliza kuvuka kalvati, mtungi wa maziwa umefungwa nyuma. Tulikuwa karibu kiasi kwamba niliona macho yake. Palikuwa na mahali pamoja tu pa kujitoa, kijisehemu tambarare kando ya miiba kinachotosha mtu mmoja na baiskeli yake. Nilikichukua. Miguu yangu ilifanya ilichofundishwa: niliruka, nikavuta baiskeli ndani, nikaelekeza uso kwenye mti. Sikufikiri kwamba kila mmoja anatakiwa kutoka upande wake, na kwamba upande uliomsalia yeye ulikuwa ni lami.

Naye alifanya alichofundishwa. Nilisikia honi ndefu ya lori, upepo wake ukanipiga mgongoni, kisha nikasikia mtungi ukigonga chini na kubingirika. Lori halikumgusa. Alikuwa ameingia barabarani, akashtushwa na honi, akakata usukani kurudi, na tairi la mbele likakwama kwenye ukingo wa lami. Lori liliendelea na safari yake.

Nami nilikuwa bado nimeutazama mti. Palikuwa na utando wa buibui kati ya matawi mawili, wenye umande, na naukumbuka vizuri kuliko ninavyokumbuka uso wa mtu yeyote siku ile. Nilimsikia akiguna. Niligeuza kichwa nusu, nikaona kofia imeanguka, kitambaa kimetoka, kichwa ki wazi, sketi imepanda magotini, na maziwa yanatiririka kwenye lami kuelekea vumbini.

Nikageuka tena nikatazama mti.

"Watu!" niliita. "Jameni, saidieni!" Niliita hivyo nikiwa nimewapa mgongo watu wote niliokuwa nawaita.

Wanawake wawili wanaouza nyanya pale mbele walikuja mbio. Mmoja ni mtu mzima, mwingine kijana mwenye mdomo.

"Wewe mwanamume!" yule kijana alisema. "Mama amelala kwa barabara na wewe unahesabu miti?"

"Ni mama ya bibi yangu," nikasema.

Yule mtu mzima akamgusa mwenzake mkono. "Ni mkwe. Mwache."

Aliposema hivyo ndipo nilipoona aibu zaidi, kwa sababu alielewa mara moja na hakunilaumu. Walimfunika mama kwa leso, wakamkalisha, wakamfunga mkono kwa kipande cha gunia. Mwenye bodaboda alisimama, wakampandisha katikati, yule mtu mzima akaketi nyuma kumshika. Yule kijana alibaki akiokota mtungi. Alinitazama kuanzia viatu kwenda juu.

"Sasa hata baiskeli huwezi kuinua?" akauliza. "Ama hiyo pia ni mama mkwe?"

Niliiinua. Usukani ulikuwa umepinda. Nilipita katikati ya soko nikisukuma baiskeli mbili, moja kila mkono, na sikuulizwa na mtu yeyote ni ya nani ile nyeusi. Habari ilikuwa imenitangulia.

Mkono ulikuwa umevunjika juu ya kifundo. Mke wangu alirudi kutoka hospitali jioni, akawasha jiko, akaweka maji, na hakunitazama mpaka alipoanza kuchemsha chai.

"Ulikuwa wapi akianguka?"

"Hapo hapo."

"Hapo wapi?"

"Karibu."

"Karibu kama hiyo meza?"

"Karibu kama mlango."

Akakoroga. "Hata baba angegeuza uso," akasema. Nilijua alikuwa ananitetea mbele ya nafsi yake mwenyewe, na nilijua pia kwamba hakuwa amefaulu.

Baada ya hapo kila mtu alianza kuzungumza juu ya baiskeli. Hakuna aliyezungumza juu ya barabara, wala lori. Mwanamke mzee, baiskeli ya nini? Hotelini walisema hivyo, kisimani walisema hivyo, na kanisani mzee mmoja aliomba Mungu amponye mama yetu na ampe hekima ya kukaa nyumbani. Shemeji yangu, ambaye ana duka la tairi kule Salama na anaishi katika chumba kimoja nyuma yake, alipiga simu. Wakakubaliana na dada yake: plasta ikitolewa, ng'ombe wauzwe, baiskeli iuzwe, mama ahamie kwetu.

Kwetu ni vyumba viwili na mlango mmoja. Mama mkwe halali chini ya paa la mume wa binti yake. Mke wangu alipompelekea habari, alijibiwa hivi: "Nile ugali nikiwa nimefunika uso kila siku? Nitakufa njaa na chakula kiko mbele yangu."

Lakini bila baiskeli maziwa hayangefika sokoni, na bila maziwa hakuwa na cha kumweka pale kwake. Angeng'olewa kwenye boma alimozeeka, apelekwe kwa mtu ambaye ndiye aliyemwachia lami. Nilikuwa najua kitu ambacho wengine hawakujua, kwamba hakuanguka kwa uzee. Alianguka kwa kukosa pa kupita. Nami sikuwa nimemwambia mtu.

Nilikwenda ofisi moja kuomba ule upande ulioliwa utengenezwe, nikaambiwa barabara kuu si yao. Nilikwenda ya wenyewe nikaambiwa ningoje, na aliyeniambia hivyo hakuinua macho kwenye simu yake. Basi Jumapili kanisani, wakati wa matangazo, baada ya mtu aliyepotelewa na mbuzi, niliomba nafasi.

Nilikuwa nimejipanga. Kwanza ningesema juu ya ule upande ulioliwa na maji. Pili, kalvati. Tatu, kwamba tukiufufua upande ule, waendao watakuwa na njia yao na warudio yao, na hakuna mtu wa baiskeli atakayelazimika kuingia barabarani kumpisha mwenzake. Nilisema ya kwanza na ya pili vizuri. Ndipo yule mzee aliyeombea hekima akainua mkono.

"Lakini huyo mama alianguka aje? Lori ilimgonga?"

"Hapana."

"Aliteleza?"

"Hapana, mzee."

"Sasa?"

Mke wangu alikuwa upande wa wanawake, ametazama kitabu cha nyimbo kilichofungwa.

"Alitoka njiani kwa sababu yangu," nikasema. "Tulikutana. Mimi nikashika upande wa kichaka, yeye akabaki na barabara."

Kicheko kilianzia nyuma, kikaja mbele.

"Kwa hivyo," mzee akasema, "unataka tuchimbe ndio wakwe wapishane?"

Sasa walicheka hadi mchungaji. Na mimi nilitabasamu. Hilo ndilo linalonichoma nikilikumbuka: nilisimama mbele ya mke wangu, mama yake akiwa nyumbani na plasta, nikatabasamu ili nionekane ni mmoja wa wanaocheka.

Mfyatua matofali mmoja, mtu mnene, akasimama. "Msicheke," akasema. "Hiyo kalvati mimi nimewahi kuingia ndani nikiwa na suti. Nilimwona mama mkwe anakuja na sikuwa na kichaka. Nilimpata mbuzi huko ndani."

"Pengine na yeye alikuwa anatoroka mkwe wake!" mtu akapaza sauti.

"Ndiye mbuzi wangu huyo?" akauliza yule wa tangazo la kwanza, na ikawa vigumu kwa mchungaji kuwatuliza watu. Aliyewatuliza ni yule muuza nyanya kijana. Sikujua ni wa kanisa letu.

"Mmecheka vya kutosha?" akasema. "Mimi nabeba nyanya kwa baiskeli, nasukuma, naogopa kupanda. Malori yananitupa kwa mtaro kila asubuhi na sijaozesha msichana hata mmoja. Si mambo ya wakwe peke yake."

Mwethya, kazi ya pamoja ya kijiji, ikatangazwa kwa Jumamosi. Watu wetu wanajua kazi ya pamoja ya jembe, na wanajua udongo. Kwanza walichimba pa kupitishia maji, kwa sababu walisema ukijaza shimo bila kuyapa maji njia, unayalisha tu. Kisha mawe makubwa, kisha madogo, kisha marram, ule udongo wa changarawe, iliyobebwa kwa mikokoteni, ikakanyagwa na kumwagiwa maji na kukanyagwa tena. Kwenye ukingo wa mtaro walipanda mkonge, kama tufanyavyo kwenye matuta ya shamba. Kalvati hatukuweza kuipanua, basi tukafyeka na kusawazisha mahali papana pa kushukia kila mwisho wake, pande zote mbili. Kando ya lami tukapanga mawe yaliyopakwa chokaa ili madereva wayaone. Muuza nyanya alinikabidhi sepetu.

"Shika, mkwe," akasema. "Hii unaweza kuigusa."

Tangu siku ile hilo ndilo jina langu sokoni. Wenye bodaboda wakinipita huita, "Mkwe, geuka tupite!" Sijajifunza kucheka nao, na sina haki ya kukasirika.

Baiskeli ziliongezeka kabla mawe hayajaanza kuingia vumbi. Muuza nyanya alipanda, kwanza kwa kujificha kule kwenye tambarare ya chini, halafu barabarani mchana kweupe. Mwenye hoteli moja, mama mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo, aliondoa sheria yake ya kwamba baiskeli ziwekwe nyuma karibu na choo, akafunga ubao wa kuziegemeza mbele ya mlango. Wengi walinishukuru. Niliona ni kana kwamba mtu amevunja sufuria ya jirani, halafu anasifiwa kwa kuokota vigae.

Plasta ilitolewa. Shemeji akatuma neno kwamba siku ya soko atakuja kutoka Salama na mnunuzi wa ng'ombe. Mke wangu alihamisha vitu vya watoto, akafua blanketi. Mimi nilikubaliana na mradi kwamba nitalala kwenye stoo yao, kati ya mabomba, na hatukusema itakuwa kwa muda gani.

Asubuhi ya siku hiyo nilikwenda kazini kama kawaida. Pale kwa yule mama mwenye hoteli mita iko nyuma, kati ya ukuta wa jikoni na tangi. Niliegemeza baiskeli yangu mbele pamoja na sanduku lake la mradi, nikazunguka, nikachuchumaa, nikafunua kifuniko. Ndipo nikasikia breki mbele ya mlango.

"Aii, Mwaitu!" mwenye hoteli aliita, kama tunavyowaita akina mama wa kwetu. "Si walisema umeacha?"

"Nani alisema? Na wao ndio walikamua?"

"Na mkono?"

"Mkono uko hapa. Shikilia huo mtungi, huu mkono bado unadhani una plasta. Polepole. Usimwage, ya kumwaga nilimaliza."

Nilisikia maziwa yakiingia kwenye sufuria. Sikuthubutu kusimama, ningeonekana dirishani.

"Na huyo mnunuzi ambaye kijana wako analeta leo?"

"Atapewa chai arudi kwao. Ametoka mbali."

"Njia iko sawa?"

"Iko. Nimekuja upande wangu peke yangu kama mtu wa gari. Hapo kwa kalvati nilishuka, nikatetemeka kidogo, nikapanda."

Nilifurahi. Nataka kuandika hilo, kwa sababu ilikuwa kweli kwa muda mfupi. Ng'ombe hawatauzwa, stoo ya mabomba itabaki stoo, na njia imefanya kazi tuliyoitengenezea. Nilipangusa kioo cha mita kwa kidole.

Kisha mazungumzo yakakatika. Nadhani alikuwa ameona sanduku la mradi kwenye baiskeli yangu. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa imepanda kidogo, kama ya mtu anayesemea ng'ambo ya ukuta.

"Huyo wa kusoma maji yuko hapo nyuma?"

"Yuko."

"Mwambie siku ile angeniinua."

Nilisikia mtungi mtupu ukifungwa nyuma ya baiskeli, kamba ikivutwa mara ya kwanza, ya pili. Baadaye mwenye hoteli akaja kwangu akijifuta mikono kwenye aproni. Yeye ambaye humwita mteja kutoka ng'ambo ya barabara alizungumza chini chini.

"Anasema siku ile..."

"Nimesikia."

"Sasa nimjibu aje?"

Nilitafuta neno la kutuma. Mila yetu ilinifundisha pa kuweka macho, pa kuweka mikono, pa kusimama. Miaka yote niliyoishi na nthoni ile sikuwahi kufikiri kwamba upande wa pili wa kichaka kuna mtu ambaye naye ana maoni juu yake, na kwamba akiwa chini barabarani, kichwa wazi, angenisamehe kumgusa haraka kuliko alivyonisamehe adabu yangu. Kama amenisamehe.

"Mwambie ni kweli," nikasema. "Mwambie ningemwinua."

Akaenda. Akarudi akiwa bado anajifuta mikono, ingawa ilikuwa imekauka.

"Ameshaenda," akasema. "Hakungoja."

Nilifunika mita, nikasimama, nikatoa kalamu. Halafu nikachuchumaa nikaifunua tena, kwa sababu sikuwa nimesoma kitu.